Kogo na Nyota za Soy

  Waite watoto kama wako nje, maana makala ya leo yameanzishwa na mtoto.

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, tulipanda matatu mjini Eldoret tukashika barabara ya Kitale hadi Soy, nyumbani kwa mama yangu mzazi. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Jioni hiyo tuliketi uani tukiyapukuchua, mwanangu wa miaka tisa akiwa katikati yangu na bibi yake, ambaye sisi Wanandi humwita Kogo. Mara stima ikapotea. Taa za nyumba, za duka la jirani na za barabarani zote zilizimika kwa mpigo mmoja. Watu wa mijini tukaguna kama ilivyo desturi yetu. Kogo hakuguna. Aliinua uso wake juu, akanyamaza kitambo, kisha akamwambia mjukuu wake: "Nitazamie wewe. Koremerik imefika wapi?"

Ni lazima nikueleze, msomaji, kwa nini alimwomba mtoto. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alituona kama watu waliosimama nyuma ya kioo chenye mvuke. Nyota hakuwa ameziona kwa miaka miwili.

Mwanangu alinitazama mimi. "Mama, Koremerik ni nini?"

Hapo ndipo nilipotahayari. Jina nilikuwa nikilijua. Nililisikia utotoni katika uwanja ule ule. Lakini ukiniambia ninyoshe kidole nikuonyeshe, sikuweza. Nilikuwa na jina lisilo na sura. Mwanangu alikuwa na macho mazima lakini hana jina. Kogo alikuwa na jina na sura vyote viwili kichwani, ila macho yamemwacha. Watu watatu wa damu moja tumeketi chini ya anga moja, na hakuna aliyeweza kuiona Koremerik peke yake.

Kogo ndiye aliyetuokoa. "Tazama upande jua linakochomoza, juu kidogo," akasema. "Tafuta nyota ndogo ndogo zilizobanana kama vifaranga waliojikunyata kwa baridi." Mtoto akatafuta, akatafuta, kisha akaruka: "Nimeziona, Kogo! Ni sita! La, ni saba!" Mama yangu akacheka hadi akafuta machozi.

Basi ndipo mwanangu akauliza swali ambalo limenikosesha usingizi. "Kogo anasema kecheiyat. Wewe unasema nyota. Mwalimu anasema star. Ni nani aliyeamua? Kwa nini star inaitwa star?" Nikamwahidi kwamba nitamjibu gazetini. Ahadi ni deni, na leo nalipa.

UKOO WA NENO STAR

Tuanze na hilo la mwalimu. Kiingereza hakikuzuka peke yake kama uyoga. Kina ndugu zake, na wataalamu wameuita ukoo huo wa lugha za Kijerumaniki, si kwa sababu zote ni za Ujerumani bali kwa kuwa zina asili moja. Wazipange ndugu hao katika mstari, uwaulize kila mmoja anaiitaje nyota. Mwingereza atasema star. Mholanzi atasema ster. Mjerumani atasema Stern. Mdenmark atasema stjerne, Mswidi stjärna, na mtu wa Iceland stjarna. Hata bila kwenda chuo kikuu utaona kwamba ni nyuso za nyumba moja.

Na usidhani haya ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Neno ster liliwahi kusemwa hapa hapa Uasin Gishu. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na mtu aliyeitwa Jansen van Rensburg, ulipanda nyanda hizi kwa magari ya kukokotwa na maksai. Makaburu hao ndio waliolima sehemu kubwa ya mashamba yaliyozunguka Eldoret. Mji wenyewe ulianzia kwenye shamba nambari 64, na ndiyo maana wazee wetu waliuita Sisibo: ndivyo "sixty-four" ilivyotoka midomoni mwao. Wengi wa Makaburu walihama wakati wa uhuru, mwaka wa 1963. Lakini kwa miaka hamsini na zaidi, anga la Soy lilikuwa na ster upande mmoja wa ua na kecheiyat upande wa pili, na pengine wenye maneno hayo hawakuwahi kuulizana.

Sasa, turudi nyuma. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kilisema steorra. Nyuma zaidi, katika karne ya nne, askofu mmoja aitwaye Wulfila aliitafsiri Biblia katika lugha ya Kigothi, mojawapo ya lugha za ukoo huo ambayo siku hizi haina msemaji. Humo nyota ni stairno. Angalia vizuri: Kigothi kina "n", Kijerumani kina "n", Kiswidi nacho kina "n". Kiingereza na Kiholanzi havina. Inaonekana kwamba tangu zamani ukoo huo ulikuwa na maumbo mawili ya neno moja, moja lenye "n" na moja lenye "r" iliyokazwa, na kila ndugu akachukua lake. Wajerumani wa kale walikuwa na yote mawili, sterro na sterno, kisha wakaliacha moja likafa. Ndivyo ilivyo hata kwa wosia wa shamba: baba mmoja, lakini kila mtoto na kipande chake.

NYUMA YA UKOO KUNA UKOO

Mwaka wa 1786 jaji mmoja Mwingereza huko Calcutta, Sir William Jones, aliwaambia wasomi wenzake kwamba Kisanskriti cha Bara Hindi kinafanana mno na Kigiriki na Kilatini hata haiwezekani kuwa ni bahati tu. Alisema lazima zina chimbuko moja, ambalo pengine halipo tena. Wataalamu waliomfuata walithibitisha hivyo. Kijerumani, Kiingereza, Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na Kihindi ni wajukuu wa lugha moja ambayo haikuandikwa kamwe. Wengi wao wanaamini ilisemwa miaka 5,000 hadi 6,000 iliyopita katika nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi.

Ushahidi? Tazama tena nyota. Kigiriki: aster. Kilatini: stella. Kiajemi: setare. Kihindi: tara au sitara. Watu wa Wales husema seren. Wahindi waliofungua maduka Eldoret na Makaburu waliowauzia mahindi walikuwa wameachana kwa maelfu ya miaka, lakini nyota yao ilikuwa ni neno moja lililochakaa kwa njia mbili.

Wewe mwanafunzi utaniuliza: wataalamu hao wanajuaje? Hawabahatishi. Sauti hubadilika kwa kanuni, kama saa inavyopiga. Mwaka wa 1822 Mjerumani Jacob Grimm (ndiye yule yule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na nduguye) alieleza kanuni mojawapo: pale Kilatini kina "p", lugha za Kijerumaniki zina "f", pale kina "t", zina sauti ya "th". Ndiyo maana Kilatini pater ni father kwa Kiingereza, na tres ni three. Lakini mbona basi stella haikuwa "sthar"? Kwa sababu "t" ikikingwa na "s" mbele yake haiguswi na kanuni hiyo. Ile "s" ilikuwa kama mwavuli. Mvua ya mabadiliko ilinyesha, maneno mengine yakalowa, neno la nyota likapita likiwa kavu.

Na maana yake ya awali je? Hapo wataalamu hawakukubaliana upesi. Wako waliosema chimbuko lake ni kutawanya, kwamba nyota ni vitu vilivyomwagwa angani kama mbegu shambani. Wako waliosema liliazimwa kutoka Mashariki ya Kati, kwenye jina la mungu wa kike Ishtar. Lakini maelezo yanayokubaliwa na wengi siku hizi ni kwamba linatokana na shina lenye maana ya kuwaka. Nyota ni "kiwakacho". Nilipomwambia mama yangu hivyo, alishangaa kwamba jambo hilo limewachukua wasomi miaka mingi kiasi hicho. "Kwani wao walidhani ni nini?" akauliza.

Neno hilo halikukaa angani tu. Limo darasani mwa mwanao, ndani ya jina la Stella, ambalo ni Kilatini kitupu. Huenda limo pia katika jina la Esther, ingawa wengine hulihusisha na Ishtar. Limo simuni: ile alama ya nyota unayobonyeza ukitaka kuangalia salio, Wagiriki waliiita asteriskos, yaani kinyota. Limo hata katika msiba. Neno la Kiingereza disaster limetoka kwa Waitaliano, na maana yake ni nyota mbaya. Sisi nasi je? Mtu akifilisika husemwa nyota yake imefifia, na akifaulu ana nyota ya jaha. Watu wa kila bara wametazama juu wakatafuta pa kuweka lawama.

ANGALIA USIDANGANYIKE

Hapa nataka nikuonye, msomaji, hasa wewe unayependa kusema "neno hili linafanana na lile, basi limetoka kule". Kufanana si undugu. Mjerumani ana neno Star, lakini ukimwambia hivyo huenda akafikiria ndege, yule tunayemwita kwezi. Ana neno jingine Star, nalo ni ugonjwa wa macho, huo huo mtoto wa jicho uliomfunika mama yangu. Yote mawili hayahusiani na nyota hata kidogo. Mwingereza naye ana neno stern, lakini ni tezi, sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini. Na sitara ya Wahindi ni nyota, hali sitara ya Waswahili ni kificho.

Nami nina kisa cha nyumbani. Mume wangu ni mtu wa Nyeri. Pasaka moja tulikuwa kwa mama yake, jua kali, akatoka shambani akaketi akitweta, akasema kwa Kikuyu kwamba ana nyota. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka mitano, alikimbia nje kutazama juu, mchana kweupe! Shosho alikuwa akitaka maji. Kwa Kikuyu neno hilo, likivutwa kidogo, ni kiu. Kwa Kinyarwanda kiu ni inyota, na kwa Kiganda ni ennyonta. Nyota ya Mkikuyu ni njata, na ya Mkamba ni ndata. Tangu siku ile, mwanangu akiwa na kiu nyumbani hutuambia, "Nina nyota za Shosho."

NA SISI JE?

Lugha za Kibantu nazo ni ukoo, tena mkubwa kuliko ule wa Kijerumaniki kwa idadi ya lugha. Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, alichapisha mwaka wa 1899 kanuni za sauti za ukoo huo, kwa njia ile ile ya akina Grimm. Wapange nao katika mstari. Mnyarwanda: inyenyeri. Mganda: emmunyeenye. Mchewa wa Malawi: nyenyezi. Mshona wa Zimbabwe: nyenyedzi. Mzulu: inkanyezi. Huhitaji kuambiwa kwamba hawa wamelala kitanda kimoja. Mswahili amekaa na nyota yake pembeni kidogo. Lakini alipotaka elimu ya nyota alikwenda kwa Mwarabu, akarudi na falaki na unajimu, na majina ya Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Na siku hizi amerudi na staa, ambaye ni mwimbaji au mwanasoka. Neno la Waingereza limeingia kwa mlango wa sinema na kiwanja cha mpira, likaketi kando ya nyota bila kugombana nayo.

Sisi wa jamii za Kiniloti hatufanani sana katika jambo hili. Mkalenjin husema kecheiyat, Mmasai olakira, Mjaluo sulwe. Kumbe ukoo unaweza kuwa mmoja na kila nyumba ikawasha taa yake.

Na Koremerik? Ni zile nyota ambazo Waswahili huziita Kilimia, jina lililotokana na kulima, kwa kuwa wakulima walizifuata kujua majira. Waingereza waliziita kwa jina la Kigiriki, Pleiades. Mwaka wa 1909 Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, alichapisha kitabu juu ya Wanandi. Aliandika kwamba wazee walizitazama Koremerik kujua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Aliandika pia kwamba ule ukanda mweupe unaopita angani ni ziwa kubwa, ambamo watoto wa nyota huoga na kucheza. Nilipomsomea mama yangu maneno hayo alitikisa kichwa. "Hayo nilikuambia ukiwa mdogo," akasema. "Ulikuwa umelala."

Huenda nilikuwa nimelala kweli. Au nilikuwa nikiwaza mtihani. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa kwamba Kiingereza ndicho ufunguo wa maisha tuliushika ufunguo, tukaisahau nyumba. Hatukulazimika kuchagua kimoja. Leo wanetu hufundishwa lugha za kiasili katika madarasa ya chini, na hilo ni jema, lakini mwalimu hawezi kufundisha kila kijito cha kila lugha. Lugha za Kijerumaniki zimelitunza neno lao la nyota kwa maelfu ya miaka. Hawakulitunza kwa vitabu, maana kwa muda mrefu hawakujua kuandika. Walilitunza kwa sababu kila usiku kulikuwa na mtu mzima aliyenyosha kidole juu, na mtoto aliyeuliza. Kigothi kilikoma siku vidole hivyo vilipokoma. Wulfila alituachia stairno katika kitabu, lakini hakuna mtoto anayeliita mbinguni.

Nikupe basi kazi ya juma hili, msomaji. Stima ikipotea, usikimbilie mshumaa. Toka nje na watoto. Ukiwa mjini taa ni nyingi, nyota utazihesabu kwa vidole, lakini hata hizo zatosha kuanzia. Waulize wazee wako kwa simu: nyota ni nini kwa lugha yetu? Na ile ya alfajiri? Na zile zilizobanana? Andika majibu. Kisha jifunze kuzionyesha. Usije ukawa kama mimi, mwenye jina lisilo na sura.

Mwezi wa Pili mama yangu alipasuliwa jicho la kulia. Daktari alipolifungua, kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini nimezeeka. Juma lililofuata alitupigia simu saa mbili usiku, hakunitaka mimi, alimtaka mjukuu wake. Nilimsikia mwanangu akitoka mbio hadi roshani ya nyumba yetu Eldoret, simu sikioni.

"Nimeziona, Kogo. Ziko juu, zinaelekea machweo."

Kisha kimya kidogo, na sauti ya mama yangu kutoka Soy: "Nami naziona. Ngapi kwako?"

"Sita," mtoto akajibu. "Taa za mjini zimeficha moja."

"Basi," akasema Kogo, "ile ya saba nitakushikia huku."